Pini Mdomoni mwa Mama Pindo

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa sababu fundi huyu hakuwahi kutoa nguo yenye pindo la upande. Alishona akiwa na pini mdomoni, akawajibu wateja kwa kuguna. Marehemu mumewe alizoea kusema, "Mimi nimeoa bubu wa mchana." Mume alipoondoka, na mwana akahamia mbali kikazi, nyumba ilibaki na sauti moja tu, ya cherehani. Kisha kiharusi kikaukamata mkono wa kulia, na hiyo nayo ikanyamaza.

Hospitali wakampeleka kwa binti wa tiba ya kazi, yule anayewasaidia wagonjwa kurudia shughuli zao za kila siku. Mama Pindo alitarajia kukuta mashine. Akaambiwa avue viatu, aketi mkekani.

"Hii ni yoga, mama. Nyoosha mkono taratibu, vuta pumzi, iachie."

"Mwanangu, nimekuja kutafuta mkono. Pumzi ninayo, ndiyo maana sijazikwa."

Binti alicheka hadi akaegemea ukuta. Lakini alikuwa ameshaona jambo. Kila mama alipojaribu kuokota kifungo mezani, midomo ilibana, pumzi ikakatika, bega likapanda, vidole vikajikunja.

"Umeshika nini mdomoni?"

"Sina kitu."

"Una pini, mama. Zitoe."

Basi akajifunza kuzitoa pini zisizokuwepo. Akajifunza kukaa na kifungo kimoja, kuusikia ubaridi wake na matundu yake, bila kukimbilia kingine.

Nyumbani zoezi hilo lilimshinda. Akifumba macho kusikiliza, alisikia bomba likidondosha maji, na nyuma ya ukuta jirani na mkewe wakigombea rimoti. Alifumbua macho haraka. Kule hospitali kulikuwa na mtu wa kumshika kiganja na kumuuliza ameamkaje.

Mkono ukaanza kurudi. Asubuhi moja alitunga uzi kwenye sindano mwenyewe, akakaa akiitazama. Hakupiga kigelegele. Aliyepona haitwi tena hospitali.

Siku ya tiba ilipofika, vifungo vilimponyoka. Wiki iliyofuata vilimponyoka zaidi, vingine vikabiringika hadi chini ya kabati.

Binti alipiga magoti kuvitafuta. Alisema bila kuinua kichwa, "Mama, uliposhindwa kweli ulikuwa unabana midomo. Leo vimeanguka, na wewe unapumua kama mtoto aliyelala."

Mama Pindo alivitazama viatu vyake pale mlangoni.

"Hapa nina mtu wa kuniambia nivute pumzi."

"Najua, mama." Binti aliketi palepale sakafuni. "Ila pale nje kwenye benchi kuna seremala hawezi kushika kijiko. Ananisubiri."

Mama akainama. Akaviokota vifungo vyote kwa mkono wa kulia, akavirudisha kwenye kopo lake, akavaa viatu.

Siku hizi cherehani inalia tena. Kabla ya kukata kitambaa, Mama Pindo hushusha mabega na kujiambia, kwa lafudhi ya yule binti, "Taratibu, mama." Pini huzichomeka kwenye kimto alichokishona mwenyewe. Mdomo wake u mtupu kutwa nzima, tayari kwa mazungumzo. Wateja huacha nguo, huuliza zitakuwa tayari lini, huenda zao.