Fundi viatu wa Kamembe na ukurasa aliouficha bila kujua

Saa tatu asubuhi, Jumanne, mabati ya Kamembe bado yanadondosha maji ya mvua iliyokatika sasa hivi. Nyuma ya gare, kituo cha mabasi, chini ya kibanda chake, Uwamahoro Zaina amebana kiatu cha mwalimu mmoja kati ya magoti, anavuta uzi wa soli kwa meno. Haangalii meza iliyo mbele yake. Hapo madereva wawili wa pikipiki wametandaza karata zenye picha za wanyama, na wameshaanza kubishana.

"Maman Sultani, mamba wangu amelala. Huyu Kayitare ananipiga. Nikinge ao nisikinge?"

"Aliyelala hakingi," anajibu Zaina, uzi ukiwa bado mdomoni. "Ukurasa wa kifaru, kwa chini, karibu na mkia."

"Na kama ngoma ilimuamsha?"

"Uko na karata ya ngoma?"

"Sina."

"Basi habari ya ngoma unaniulizia nini? Kayitare, piga umalize. Abiria wako anazeeka pale."

Kayitare anapiga. Mwenzake anakusanya karata zake bila kununa. Katika kibanda hiki Maman Sultani akishasema, mambo yameisha.

Ndivyo ilivyokuwa mpaka Jumanne hiyo, kabla ya saa sita.

Zaina ana miaka arobaini na tisa. Wengi humwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, Sultani. Shule aliishia darasa la nne. Ufundi wa viatu aliachiwa na mumewe, aliyefariki miaka kumi na miwili iliyopita akimwachia kibanda, visu vitatu na kopo la kole, gundi ya viatu. Siku njema anapata faranga elfu nne. Jua likikaa wiki nzima, viatu havibanduki soli, na yeye hapati hata nusu ya hizo.

Karata zililetwa na madereva wa pikipiki. Huuzwa katika pakiti ndogo zilizofungwa, na mnunuzi hajui kilichomo mpaka afungue. Ukipata tembo wawili na jirani ana mamba wawili, mnabadilishana. Kila mchezaji hupanga rundo lake la karata arobaini, na kila zamu yake huchota moja. Wanyama wake wanapigana na wanyama wa mwenzake, mpaka uhai wa mmoja uishe. Walikuwa wakicheza juu ya viti vya pikipiki, upepo ukiwapeperushia karata, hadi Zaina alipowaonea huruma akawapa nusu ya meza.

Sharti alitoa moja. "Kamari hapana. Muntu akiweka hata faranga kumi, anabeba nyama zake, hizi za karata, anaenda."

Kitabu cha sheria kilikuwa kimoja tu, cha Kifaransa, na aliyekileta ni Kamali. Wakati huo alikuwa dereva wa pikipiki mwenye miaka ishirini na minane, aliyesoma sekondari Bukavu. Saa za jua kali, abiria wakiwa wachache, alikaa kwenye kigoda cha Zaina akasoma kwa sauti, sentensi kwa sentensi, akiigeuza Kiswahili. Zaina alishona na kusikiliza. Walimaliza kitabu kwa wiki tatu.

"Kifaransa sikijui," anasema Zaina. "Lakini picha nazijua. Kila ukurasa uko na picha yake, na kila picha iko na neno lake. Ukiniuliza, naona picha kwanza, neno linakuja nyuma."

Hivyo ndivyo mwanamke asiyesoma Kifaransa alivyogeuka mwamuzi. Wachezaji walianza kumletea maswali hata kutoka barabara ya uwanja wa ndege.

Kisha mabati yalivuja. Kitabu kililowa usiku kucha, uzi wake ukakatika, namba za kurasa zikafutika kwa maji. Zaina alikikausha, akakishona kwa uzi wa soli, akapaka kole mgongoni ili kisifumuke tena. Kila mteja alionyeshwa ile kazi.

Miezi mitatu baadaye Kamali alikuwa akicheza na Kayitare. Mbali na Kamali na Zaina, watu tisa walikuwa kibandani, Kayitare mwenyewe akiwemo. Kamali alichota karata yake ya mwisho, mwewe. Akaiweka mezani, akapiga nayo, uhai wa Kayitare ukaisha.

"Hapana," alisema Kayitare. "Rundo lako limeisha. Umekufa mbele ya kupiga."

Kamali hakupandisha sauti. "Aliyeishiwa hashindwi mpaka zamu yake irudi, anyooshe mkono kuchota, akose. Iko ndani ya kitabu, ukurasa wa mkono mtupu. Maman, si mimi mwenyewe nilikusomeaka?"

Zaina alifungua kitabu mbele ya wote, akatafuta picha ya mkono. Akaanza tena kutoka mwanzo. Mkono haukuwepo. Wakamwita Clarisse, anayeuza katika duka la dawa la jirani na anayekijua Kifaransa vizuri. Clarisse alisoma kitabu kizima akiwa amesimama, akatikisa kichwa. Kamali akakiomba, akakipekua mara mbili. Watu walikuwa wameshaanza kucheka, vidole vyake vikawa vinateleza.

Ndipo Zaina alipolisema neno ambalo watu wa kibandani wanalikumbuka hadi leo. "Kamali, uko natunga sheria ili ushinde. Kwa meza yangu mwongo hakai."

Kamali aliondoka akiwa ameacha karata zake zote arobaini mezani. Kesho yake kwenye kituo cha pikipiki walimpa jina la Mkono Mtupu. Abiria nao wakalisikia, wakawa wanamuuliza bei mara mbilimbili na kutafuta pikipiki nyingine. Baada ya miezi miwili alimrudishia mwenye pikipiki funguo zake, akateremka Muganza kupakia mifuko ya saruji kwenye malori. Hiyo ni zaidi ya miaka miwili sasa.

"Sikumlilia," anasema Zaina. "Nilikasirika. Nilisema, muntu niliyekunywa naye chai wiki tatu, leo anataka kunichezea kwa sababu sijui kusoma."

Jumanne hii, saa nne na nusu, kibandani anaingia Bashige, mwanamke mfanyabiashara wa vitenge kutoka Bukavu. Ukanda wa sandali yake umekatika. Anapoziona karata anacheka, anatoa rundo lake mwenyewe kwenye mkoba. "Kumbe na huku banacheza? Nani ananipokea?"

Kayitare anampokea. Mchezo unakwenda vizuri, wanataniana, mpaka Bashige anachota karata yake ya mwisho. Kayitare anaegemea nyuma na kukunja mikono.

"Umekwisha, Maman."

"Nimekwishaje? Zamu yangu naanza."

"Rundo likiisha umeisha. Njo sheria."

"Sheria ya nani?"

Wote wanamgeukia Zaina. Naye, bila wasiwasi wowote, anakitoa kitabu kwenye sanduku la visu na kumpa. Bashige anapekua polepole, akiisifu ile mishono. Katikati anasimama. Anaisugua karatasi kwa kidole gumba.

"Maman, hii mbona nzito?"

Zaina anakichukua. Vidole vyake hutambua ngozi moja na ngozi mbili hata gizani, ndiyo kazi inayomlisha. Anaugusa ukurasa mara moja tu na kufumba macho.

"Ni mbili," anasema.

Zaina anachovya kitambaa katika esansi, yaani petroli, anayosafishia soli, anakipitisha ukingoni mwa karatasi, kisha anaingiza kisu chembamba kuliko vyote. Kole inaachia kidogo kidogo. Kazi hiyo inachukua karibu robo saa, na kuna pikipiki tatu nje zinazopigwa honi na abiria ambao hakuna anayewaendea. Kurasa zinapofunguka zina doa la manjano kama chai. Juu ya doa kuna mkono wa mtu, kiganja wazi, hauna kitu.

Bashige anasoma Kifaransa, kisha Kiswahili. "Mchezaji aliyeishiwa karata anaendelea kucheza. Atashindwa pale tu atakapotakiwa kuchota na kukosa."

"Soma tena," anasema Zaina.

Anasoma tena. Mara ya tatu Zaina anaketi chini, kwenye vumbi la ngozi, ingawa kigoda kipo. Kuiona tu ile picha kumemrudishia siku yenyewe: Kamali alipofika ukurasa huo alicheka, akasema, huyu ni mimi kila mwisho wa mwezi.

"Na mimi nilicheka naye," anasema Zaina, sauti ikiwa ndogo. "Nilicheka, kisha nikasahau kama nilicheka."

Kayitare ameukodolea macho mkono ule. "Basi miaka hii yote mimi nilishinda kwa kole," anasema. Siku nyingine wangecheka. Mwenzake anajaribu kumtuliza mama. "Acha, Maman. Ni mchezo tu."

"Karata ni mchezo," anajibu Zaina. "Kumwita muntu mwongo haikuwa mchezo."

Clarisse anaitwa kutoka duka la dawa. Anatazama ukurasa na kuziba mdomo kwa mkono. "Nilisoma chote," anarudia. "Nilisoma chote, na nikasema haiko." Kayitare naye anaanza kuhesabu walioambiwa wameshindwa kwa sheria ile ya rundo likiisha tangu siku ya Kamali. Anafika kumi na wanne, anaacha. Mchana huo Zaina anaigeuza soli ya mwalimu chini juu, anaishona, anaifumua, na kuishona tena vilevile. Mwalimu anaondoka na viatu vya kuazima.

Alhamisi hakufungua kibanda. Alikifunga kitabu ndani ya kitenge, akapanda basi la Bugarama na kushuka hadi kwenye joto la bondeni. Saa nane, zamu zikibadilishana, alikuwa amesimama karibu na geti la kiwanda cha saruji pale Muganza, foleni ya malori upande mmoja na wauza ndizi upande wa pili. Kamali alitoka akiwa mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kope. Alimwona, akasimama mbali.

Anavyosimulia Zaina, yeye ndiye aliyesogea. Hakusalimia. Alikifungua kitabu penye mkono, akamshikia.

Kamali aliufuata ule mkono kwa kidole. "Basi iko," alisema.

"Iko. Niliifunga mimi, kwa kole yangu."

Kamali alikaa juu ya jiwe la kando ya barabara. Alichokisema hapo Zaina hukisimulia polepole, kama mtu anayesoma. "Maman, mimi nilishakubali. Batu tisa banasema haiko, na macho yangu pia yanasema haiko. Nilijiambia, pengine nilitunga kweli. Mpaka leo mke wangu akiniuliza kitu, mbele ya kujibu najiuliza kama niko natunga."

Zaina anasema alikwenda amejiandaa kutukanwa. Hilo hakuwa amejiandaa nalo. "Nilidhani nilimfukuza mezani tu. Kumbe nilimwondolea hata imani ya macho yake."

Alimwomba msamaha pale pale, vumbi la malori likiwapitia. Kamali alisamehe haraka, jambo ambalo lilimshtua Zaina zaidi. Lakini Zaina alipotaka kumrudishia kitabu, alikikataa.

"Nimekusamehe, Maman. Ila lile neno hukunisemea hapa kwa geti, sisi babili. Ulinisemea mezani, batu tisa banasikia."

Zaina alimwambia aje kibandani Jumapili. Kamali alipangusa kope zake. "Sijui kama mguu utakubali," alisema, akaingia kwenye njia ya mashamba ya mpunga, anakopanga chumba.

Tangu Alhamisi Zaina hajajibu swali hata moja la sheria. Wachezaji wakiuliza, anawaambia wasubiri, aliyekisoma kitabu kikiwa kizima yuko Muganza. Clarisse amekubali kukipitia upya, karatasi kwa karatasi, Zaina akizipima kwa vidole. Hadi jana jioni hawakuwa wamekuta zingine zilizoshikana. Zile karata arobaini, ambazo Zaina alizihifadhi akisubiri mwenyewe aje kuzidai kwa aibu, sasa ziko mezani tena, na hakuna anayezigusa.

Kayitare anazunguka kwa pikipiki kuwatafuta wenzake wanane wa siku ile. Wote bado wako Kamembe. Wawili walimcheka mwanzoni, wakasema jambo la karata haliwatoi nyumbani Jumapili. Aliwaeleza aliyosema Kamali kuhusu mke wake, wakakubali. Yeye mwenyewe atatangaza kwamba mchezo ule alishindwa. "Nimechelewa miaka miwili," anasema, "lakini nilishindwa."

Jumapili saa kumi alasiri watakuwa kibandani. Zaina ameshayapanga maneno, nayo si mengi. "Nitasema Kamali alisema kweli, na mimi nilimsemea uongo. Nitalisema kwa sauti ileile ya siku ile, siyo ndogo kuliko ile."

Na Kamali asipokuja?

Zaina anachukua kiatu kingine, anakigeuza kutafuta ufa. Anasema ameshaongea na Ndayisaba, dereva wa basi dogo la kwenda Bugarama, ili alikodi Jumatatu. Wale tisa wameambiwa, pamoja naye ni kumi, nao watasimama getini Muganza saa nane, zamu zikibadilishana. Ndayisaba alishangaa. Kama watu ni kumi, aliuliza, mbona unaniagiza viti kumi na kimoja?

"Nikamwambia, kuteremka bondeni tutakuwa kumi. Hesabia kupanda kurudi."