Rejeta ya Shaba na Injini ya Kuazima

Nimefunga rejeta nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nyingi zilikuwa za malori yaliyobeba mazao kutoka Kabazi, na karibu kila wiki lori moja lilifika kwangu Nakuru likiwa limechemka mlimani Subukia hadi kifuniko kikaruka. Kwa hiyo mjukuu wangu aliponiletea kigari chake cha mashindano na kuniomba nimfungie rejeta, nilimwambia aniachie asubuhi moja tu. Kazi hiyo ilinila wiki tatu. Namshukuru Mungu kwa wiki hizo, lakini sitasema kwamba nilizifurahia.

Kigari hicho wenyewe wanakiita gokati. Hakina mlango, hakina paa, hakina springi hata moja. Ni mabomba ya chuma yaliyounganishwa, kiti, magurudumu manne madogo, na injini ndogo inayopozwa kwa maji, imekaa upande wa kulia wa dereva. Mjukuu wangu ni binti wa miaka ishirini na mitatu na anauza dawa katika duka moja mjini. Jumamosi hujilaza ndani ya kitu hicho, makalio yakiwa karibu yaguse lami, akazunguka nacho katika uwanja ulio upande wa Gilgil. Nilishaacha kumuuliza kwa nini.

Injini haikuwa yake. Aliiazima kwa mzee mmoja mwenye bucha Kikopey, ambaye zamani alikuwa akishindana mwenyewe mpaka tumbo likakataa kuingia kitini. Mashindano yaliyotangulia, mwenzake alimgonga ubavuni, rejeta ya awali ikapasuka na injini ikachemka. Mwenye bucha aliifungua, akaona haijaharibika, akamwambia mjukuu wangu kwamba ikichemka mara ya pili anakuja na gunia kuibeba. Bila injini ile hakuna mbio, na hakuna mwingine wa kumwazima. Mtoto huyo alianza kutaka mbio akiwa bado anakalia tairi kuukuu katika karakana yangu, miguu haifiki chini.

Tulienda kwa mafundi wa jua kali kununua rejeta iliyotumika. Muuzaji alituwekea mbili kwenye meza. Moja ilikuwa ya pikipiki kubwa, ya aluminiamu, nyembamba na nyepesi. Nyingine ilitoka kwenye gari dogo la zamani, ya shaba, nene, yenye mishono unayoweza kuiziba kwa risasi iliyoyeyushwa ikivuja. Niliinua ile ya shaba. Ilikuwa na uzito wa kitu cha kweli.

“Guka, hiyo ni kubwa sana,” mjukuu wangu akasema. Guka kwetu ni babu.

“Kubwa haichemki.”

“Lakini injini inataka maji yakae kama digrii hamsini hivi. Zikishuka sana inakohoa.”

“Hamsini! Chai ya hamsini mimi hurudisha jikoni.”

Muuzaji akacheka. “Siste, ukibishana na guka utaenda home bila rejeta.”

Maisha yangu yote nimepigana na injini zinazochemka. Sijawahi kuletewa lori na dereva analalamika kwamba limepata baridi. Basi nikachukua ya shaba.

Kuipatia mahali ilikuwa adhabu nyingine. Rejeta ya gokati hukaa upande wa kushoto wa kiti. Nikiiweka juu, dereva hawezi kukunja mkono. Nikiishusha, inakaribia kuburuzwa chini. Nikiirudisha nyuma, mwili wake unaukinga upepo. Kila nilipofikiri nimemaliza, aliingia kitini, akashika usukani, akageuza kulia na kushoto, kisha akasema neno lile lile: “Guka, kiwiko.” Siku nne za kiwiko. Siku ya tano niliomba kabla ya kuinua spana, nikaiinamisha rejeta kidogo kuelekea nyuma, na kiwiko kikapita.

Hapo nikakata vyuma vinne vya pembe, nikavichomelea, viwili chini na viwili juu, vyote vikishikana na chesi, ile fremu ya mabomba. Niliisukuma rejeta kwa goti. Haikusogea hata unywele.

“Guka,” mjukuu wangu akasema polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, “hii chesi haina springi, kwa hivyo kwenye kona inajipinda. Lazima ijipinde.”

“Chesi inayojipinda huletwa kwangu niinyooshe.”

Alinipokea mashine ya kuchomelea akairudisha mahali pake. Alilelewa vizuri, na siku ile malezi hayo hayakunisaidia.

Jumamosi tulienda uwanjani kuijaribu. Mwenye bucha alikuwa amefika kabla yetu, na gunia alikuwa nalo kweli, limekunjwa chini ya kwapa. Tuliomba pamoja, yeye pia akavua kofia, kisha mjukuu wangu akaondoka. Katika mizunguko ya kwanza injini ilikohoa kama mzee aliyelala penye umande. Vigari vingine vikampita, hata kimoja cha mwalimu mmoja ambaye kila mtu humpita. Akarudi kwetu, akanionyesha kipimo kilicho kwenye usukani. Digrii thelathini na sita.

“Imekataa kupata joto, Guka.”

“Mzee,” mwenye bucha akauliza, “umemfungia friji?”

Nilimwambia aendelee, itapata joto tu. Aliendelea. Katika mzunguko wa kumi hivi niliona mstari mweusi wa maji ukimfuata kwenye lami. Nilivua kofia nikaipunga huku nikipiga kelele ambazo sizipigi mbele ya watu. Alizima injini na kuteleza mpaka uzioni. Kipimo kilikuwa kimeanza kupanda, lakini injini ilikuwa haijachemka.

Tuliinama sote watatu. Vyuma vyangu vinne vilikuwa imara kabisa. Chesi ilikuwa imejipinda, vyuma vikakataa kujipinda nayo, na kilichobaki kupasuka ni rejeta, kwenye mshono, pale pale nilipoishika kwa nguvu zaidi.

Mwenye bucha alilikunjua gunia.

Mjukuu wangu angesema tu, “Guka, nilikwambia,” ningepata kitu cha kujibu. Alivua glavu zake, kidole kimoja kimoja, akiitazama injini kama mtu anayeaga.

“Ngoja,” nikamwambia mwenye bucha. “Rejeta niliichagua mimi. Vyuma nilichomelea mimi. Yeye alinikataza yote mawili na mimi nikakataa kusikia. Usimwondolee injini kwa kiburi changu.”

“Ala! Mzee wa kanisa anaungama hadharani?”

“Anaungama.”

Alikuna shingo. “Haya. Haijachemka, na nilisema ikichemka. Jumamosi ya pili kutoka leo kuna mbio. Nitakuja. Na gunia nitakuja nalo.”

Kutoa nilichofunga kulinichosha kuliko kukifunga. Nilivikata vyuma vyangu kwa msumeno, nikasaga alama zake mpaka mabomba yakawa laini. Kisha nikarudi kwa yule muuzaji kuchukua ile ya aluminiamu. Alinikaribisha kwa mikono miwili. “Nilikuwekea, mzee. Nilijua utarudi.” Nilimshukuru. Ilinigharimu.

Rejeta hii ya pili mjukuu wangu aliniambia namna ya kuifunga, nami nikafunga kama nilivyoambiwa. Boliti mbili chini na fimbo moja nyembamba juu, na katika kila kiungo kipande cha mpira nilichokata kwenye gambuti kuukuu, ili chuma kisiguse chuma. Nilipomaliza aliishika kwa vidole viwili akaitikisa, nayo ikatikisika. Alitabasamu. Mimi ilibidi nitoke nje. Kitu kimefungwa na mikono yangu na kinacheza, na huyo anayekimiliki anafurahi!

Mapezi yake, yale mabati membamba yanayopitisha upepo, mengine yalikuwa yamelala kwa sababu ya mawe. Nilikaa jioni mbili nikiyanyoosha moja moja kwa ncha ya kisu ili upepo upite bila kizuizi. Macho bado yanaona kazi hiyo, na kwa hilo natoa shukrani.

Siku ya mbio asubuhi ilikuwa na baridi na mawingu. Kabla hajaingia kitini, mjukuu wangu alitoa tepu pana mfukoni, akakata vipande vitatu, na kuvibandika kwenye rejeta, juu ya mapezi niliyoyanyoosha.

“Unaziba?” nikauliza.

“Kidogo tu, Guka. Jua likitoka nitabandua.”

“Nimefungua jioni mbili nzima, wewe unaziba!”

Nilienda kusimama kando ya uzio nikaomba uvumilivu. Nimefundisha madarasa ya ubatizo miaka mingi, nikiwaonya vijana kwamba Mungu hataki mtu wa vuguvugu. Na sasa nilikuwa nimesimama Gilgil nikimwomba Mungu huyo huyo anipatie maji ya vuguvugu.

Alizunguka. Injini haikukohoa. Aliporudi kutoka mazoezini kipimo kilisoma hamsini na moja. Jua likatoka, akabandua kipande kimoja, akaingia kwenye mbio za kwanza na kumaliza wa tano kati ya tisa, mwalimu akiwa nyuma yake. Hamsini na mbili. Hakuna tone lililoanguka.

Mwenye bucha alikuja na kuinama kwa shida. Aliigusa rejeta.

“Mzee, mbona inacheza?”

“Iache icheze.”

“Na hii tepu?”

“Ni ya kuzuia baridi.”

Mjukuu wangu aligeuka upande mwingine, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

“Ana mbio za pili saa ngapi?” mwenye bucha akauliza.

“Saa sita.”

Akalikunjua gunia. Akalitandaza juu ya ukingo wa saruji uliokuwa bado na umande, akakaa upande mmoja, na kupiga nafasi iliyobaki kwa kiganja.

“Keti, mzee. Tumwangalie.”

Niliketi. Tepu ile bado ilikuwa inaniudhi.