Picha ya Shemeji
Mume wangu ni kinyozi, na mtu aliyezoea kuongea na vichwa vilivyotulia hujiona anajua kila kitu. Tulipovuka mpaka kwenda kwenye makumbusho ya mauaji, alivaa suti na kubeba shada la maua. Kaka yake alikwenda nchi ile kutafuta kazi, vita vikamkuta huko, kimya mpaka leo. Mama mkwe aligoma kumlia. "Mpaka nione sura yake," alisema. "Silii hewa mimi."

Mlangoni Kinyozi akatangaza, "Sisi ni wafiwa!" Nikamfinya. Wapi! Mdomo uliponza kichwa. Tukaketishwa mbele pamoja na wafiwa wenyewe. Bibi mmoja aliyeuliwa wanawe wote akamkumbatia, wakalia mpaka kamasi zikaingia kwenye suti. Bibi akampa leso yake. "Pole, mwanangu. Tutamtafuta pamoja."

Wakapita ukuta wa waliouawa, picha kwa picha, wameshikana mikono. Hayumo. Chumba cha pili kilikuwa cha wauaji. Miguu yangu imevimba, nataka kuondoka, lakini bibi akasema lazima tuwaone na hao mashetani.

Nilimwona kwanza mimi. Shemeji huyo, bunduki begani, anacheka meno yote nje. Juu ya sikio lile kovu la wembe, mume wangu alipomkata akijifunza kunyoa. Yalaa! Kinyozi akaganda.

"Huyu," bibi akasema, kidole kwenye kioo, "tulimpa chumba kwetu. Ndiye aliyewaonyesha watoto wangu walikojificha." Akatema mate. Kisha akamgeukia mume wangu. "Tema na wewe, mwanangu, utapata nafuu."

Akatema. Akajifuta mdomo kwa leso ya bibi. Nilimchukia, na nilimhurumia.

Nje simu ikaita. "Umemwona?" mama mkwe akauliza.

"Nimemwona, mama. Yupo ukutani."

Yowe lake lilitoka kwenye simu, watu wakageuka. Akataka picha. Mume wangu akarudi ndani peke yake, akapiga picha ya uso tu, bunduki akaiacha.

Sasa picha iko sebuleni kwa mama mkwe, ndani ya fremu, na kila mgeni lazima aonyeshwe. "Mtazameni mwanangu," husema. "Wanamuua, na bado anacheka."

Nami namimina chai, naitikia, "Ndiyo, mama. Alikuwa mcheshi."