Jina la Linda Katika Orodha ya Wagonjwa

Kila Sabato, katika kanisa lao karibu na Nyakoe, Mzee Manasseh alisoma orodha ya wagonjwa wa kuombewa, na hakukosa kusema, "Na mtoto wetu Linda, yule wa moyo." Miaka mitatu mfululizo! Leo mama yake Linda, Bosibori, aliketi benchi la mbele amekunja uso, akingoja afike hapo.

Alhamisi alikuwa amempeleka binti yake wa miaka minane kwa daktari wa moyo mjini Kisii, kwa kuwa tu shule ilidai barua. Daktari alisikiliza kifua, akapiga picha ya moyo, akacheka. "Mama, hiyo ni sauti ya damu ikipita tu. Watoto wengi wazima wanayo. Mwache acheze."

Angepaswa kushangilia. Badala yake alipandwa na hasira. Miaka mitatu mtoto amekalishwa kivulini wenzake wakiruka kamba! Akishika mtungi wa maji, jirani anampokonya. Shangazi zake wanamtazama kwa macho ya matanga, wananong'ona mbele yake utadhani ni kiziwi. Na Bosibori mwenyewe, mtu mzima na akili zake, alimvalisha sweta mbili jua likiwaka.

"Na mtoto wetu Linda..."

Bosibori akasimama. "Mzee, toa hilo jina. Daktari amesema moyo wake ni mzima."

"Amina!" kanisa likalipuka. Mzee Manasseh akainua mikono. "Bwana asifiwe! Maombi yetu yamemponya!"

"Hajaponywa!" Bosibori alifoka. "Hakuwahi kuugua! Nesi wa zahanati alisikia sauti, akaniambia nimpeleke Kisii apimwe. Mimi nikaogopa kuambiwa operesheni, nikakimbilia hapa. Aliyeleta jina lake kwenu ni mimi!"

Akamgeukia binti yake.

"Omwana one, mwanangu, toka nje ukimbie."

"Mama Linda, leo ni Sabato," Mzee Manasseh akamkanya.

"Linda, nimesema kimbia!"

Msichana akainuka. Akapita katikati ya mabenchi polepole, akashika ukuta, akashuka ngazi moja baada ya nyingine, vile walivyomfundisha.