Letteria Aliyeteremshwa Kivukoni

Kwa miaka kumi na tisa Letteria Cucinotta alikaanga arancini, madonge ya wali yenye nyama ndani, kwenye kivuko cha Messina kinachovusha watu kutoka bara la Italia hadi kisiwa cha Sisilia, na Msisilia yeyote aliyekuwa akirudi kutoka Torino au Ujerumani alijua kwamba nyumbani hakuanzii bandarini. Kunaanzia pale sitahani, donge la wali li moto mkononi ndani ya karatasi, nyama na njegere zikikuchoma ulimi, maana safari yenyewe ni dakika ishirini na hakuna nafasi ya kungoja lipoe.

Kisha Placido Saccà akakabidhiwa mgahawa wa kivuko. Yeye alitaka madonge ya kiwandani, yaliyogandishwa, yasiyodai mshahara. Angemwambia hivyo tu, mama wa watu angeondoka na heshima yake. Lakini hakuwa na uso wa kusema kweli, akawaambia mabaharia kwamba jasho la yule mama linadondokea kwenye wali. Akutukanaye hakuchagulii tusi, ila hili lilichaguliwa likachagulika: Letteria akateremshwa kivukoni, na maneno yale yakaenea mjini. Ikafika sikukuu ya Mtakatifu Lucia, siku ambayo Wasisilia hawagusi mkate bali hula wali, na Letteria akawapelekea majirani sahani kama kila mwaka. Ilirudi na madonge yote sita, kitambaa hakijafunuliwa.

Hakulia. Alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya watu wenye subira. Alikodi kibanda ng'ambo, upande wa bara, Villa San Giovanni, pale pale magari yanapopanga foleni kungoja kivuko, akawa anaviringisha na kukaanga mbele ya macho ya watu, mikono wazi hadi viwikoni. Kwa aliyemuuliza alisema hataki kitu kingine duniani ila Placido aumeze ule uongo mbele ya abiria wake.

Agosti watu waliporudi likizo, walipanda kivuko wakiwa wameshashika madonge ya Letteria. Mgahawani waliomba maji na karatasi za kufutia mikono, basi. Ya Placido yalikaukia kwenye kabati la kioo. Aliyejaribu kuonja moja alilitupa baharini, na mabaharia wakaapa kwamba hata samaki walilikwepa.

Mwezi haujaisha, Placido akashuka hadi kibandani, kofia mkononi, akilalamika kwamba anatiwa mchanga kwenye kitumbua chake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

"Rudi, Bi Letteria," alisema. "Jiko lote litakuwa lako."

"Kwanza sema ulichonifanyia. Kwa kile kipaza sauti cha nahodha, abiria wakiwa wamejaa."

Placido akapanda kivukoni, akashika kipaza sauti, akasema kweli. Kivuko kilikuwa bado gatini, mlango wazi, na sauti ilifika hadi mwisho wa foleni: kwamba mikono ya Letteria Cucinotta ni safi, kwamba yeye Placido alidanganya, kwamba anaomba radhi. Madereva walizima injini ili wasikie. Letteria aliendelea kuviringisha wali wake, moyoni akijawa na raha ambayo padre asingeipenda, wala hakuionea haya.

Placido alirudi mbio, mwekundu kama nyanya.

"Haya, nimesema. Unaanza lini?"

"Nilikwambia useme," alijibu, macho yake kwenye mafuta. "Sikukwambia nitarudi. Sogea basi, mwanangu, unawazibia watu."