Daftari la Mafundi

Asubuhi ya mwisho tuliyokuwa kama watu wa kawaida, mke wangu aliamka kabla yangu, akajaza maji chupa tano kubwa, akazipanga nyuma ya kiti cha gari. Nikamwambia tunakwenda hospitali, hatuendi jangwani. Akasema nivae shati upesi, la sivyo ataendesha yeye. Hakujua kuendesha hata baiskeli. Tulicheka kidogo, tukatoka.

Alikuwa mwandika barua. Miaka mingi alikaa na taipureta yake kwenye baraza ya posta, watu wakamwita Mama Mashine. Anayeomba kazi, anayemshtaki jirani, anayetaka kumtukana shemeji yake, wote aliwaandikia na kuwasomea majibu. Sharti lake lilikuwa moja: haongezi neno, hapunguzi neno.

Mimi ni mwashi. Shule sikuiona. Herufi za mashine nazifuata kwa kidole, lakini mwandiko wa mkono unanishinda, isipokuwa wake, ambao niliuzoea. Tulijuana hapo barazani. Nilikwenda aniandikie barua ya kumposa binti mwingine. Jibu lilipokuja nikampelekea. Akalisoma lote, mpaka pale binti aliposema hawezi kulala na mtu anayenuka saruji. Nikamuuliza, hapo hakuweza kuparuka?

“Kaka, umeniletea nisome, nimesoma.”

Mwaka uliofuata nikamposa yeye, kwa mdomo.

Figo zake zilipoharibika, ilibidi afike kwenye mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki. Hospitali iko mbali, juu ya mlima, na basi lilimchosha mpaka akawa anafika hajiwezi. Daktari alituonya kwamba siku ya mashine si ya kukosa. Nikasema nitanunua gari.

Nilikwenda peke yangu. Muuzaji alikuwa dereva mstaafu, mtu mpole. Kabla hajawasha injini alinipa daftari nene. Akasema kila fundi aliyeligusa gari lile ameandika humo, nisome kwanza ndipo tuongee. Niliona aibu kumwambia kwamba mwandiko wa mafundi siujui. Nikafungua ukurasa mmoja mmoja, nikiitikia kwa kichwa kama hakimu. Moyoni nikasema, daftari nene namna hii, gari hili limetunzwa.

“Una uhakika, mzee wangu?” akaniuliza.

Nikaona ananidharau. Nikalipa, nikalichukua gari.

Nyumbani nilimpa mke wangu daftari anisomee. Alisoma kimya kwa muda mrefu. Kisha akanisomea kwa sauti: oili, plagi, matairi, oili tena. Kesho yake nikajisifu kwa waashi wenzangu kwamba nina jicho la magari. Tangu hapo mke wangu akawa anataka tutoke saa mbili kabla ya wakati, na tukifika chini ya mlima lazima tusimame, injini ipoe. Nilimwita mwoga. Lakini nilikuwa nasimama.

Asubuhi ile tulichelewa. Miguu ilikuwa imemvimba, viatu vikakataa kuingia. Tulipofika chini ya mlima aliniomba nisimame. Nikaona saa imetutupa mkono, nikakanyaga mafuta. Katikati ya mlima gari likatoa moshi mweupe, likazima. Nilimimina chupa zote tano, maji yakawa yanatoka kwa chini. Tulikaa pale mpaka lori la matofali likatuchukua. Tulifika adhuhuri, mashine yake imeshapewa mgonjwa mwingine.

Alikufa siku ya tatu. Daktari aliniambia moyo wake ulikuwa umechoka siku nyingi, kuchelewa kule si kitu. Nilimshukuru. Sijui kama ni kweli au alinionea huruma.

Mwezi mmoja baada ya mazishi nikamwita fundi wa magari. Gari lilikuwa limevutwa kutoka mlimani, nami nilitaka litoke uani, nisilione tena. Akaomba daftari. Nikalikuta kabatini, chini ya kanga zake. Fundi akasoma, kisha akaniangalia.

“Mzee, injini hii imefunguliwa mara mbili. Silinda hedi ilipasuka, ikachomelewa. Giaboksi imetoka kwenye gari jingine. Nani alikusomea haya?”

Nikamwambia ni mke wangu. Fundi akanisogezea daftari. Akanionyesha pembeni mwa ukurasa, palikuwa na maneno ya penseli. Hayo niliyasoma mwenyewe, kwa mwandiko wake: maji chupa tano, tusimame chini ya mlima.

Kusema kweli nilikasirika. Watu wa posta nzima aliwasomea walivyoandikiwa, hata ya kuwaliza. Mimi mume wake akaniruka. Angenisomea, ningesimama.

Ndipo nikakumbuka alichosema siku ile, tukisubiri pale mlimani. Nilikuwa nimekaa chini kando ya tairi, namlaani yule dereva mstaafu, nasema ameniuzia jeneza. Mke wangu alikuwa ndani, mlango wazi, kichwa amekiegemeza kwenye kiti. Alisema kwa sauti ndogo, na papo hapo lori likapiga honi, nikasimama kulipungia. Nilisikia, sikuelewa. Nilidhani ni maneno ya mgonjwa. Alisema hivi:

“Usimlaumu aliyekuuzia. Siku ile ulipolileta gari, uliingia ndani unapiga mluzi, nikashindwa kukusomea.”