Bangili ya Minza

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya wazazi, Shinyanga mjini, Metroni alinisimamisha mbele ya mjamzito, akaniambia nimbonyeze kwenye ugoko kwa kidole gumba, nihesabu polepole hadi tano, kisha niachie. Palibaki kishimo. "Hayo ni maji, si nyama," akasema. "Macho husifu upesi. Wewe bonyeza kwanza." Nilikuwa binti wa mtaa wa Ngokolo, sare yangu imepigwa pasi, nikajiona nimefundishwa kukanda unga.

Kipimo kingine kilikuwa cha mkojo. Tuliuchemsha ndani ya kichupa chembamba juu ya taa ya spiriti. Ukiganda mweupe kama ute wa yai, na presha nayo ikiwa juu, mama huyo harudi kwake. Anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, kabla kifafa cha mimba hakijamwangusha. Kichwa kuuma bila kutulia, vimulimuli machoni, uso kuvimba: Metroni alituimbisha dalili hizo mpaka tukamchoka.

Miaka ya sabini nikahamishiwa zahanati moja upande wa Geita, karibu na wachimba dhahabu. Mkubwa wangu, Mganga Msaidizi, akienda kufuata dawa nilibaki peke yangu. Kule mke mgeni aliyekonda hasifiwi. Akinenepa, watu husema ameolewa pazuri.

Minza alikuja na mama mkwe wake, mimba ya kwanza, miezi minane. Uso ulikuwa umejaa, na bangili ya shaba imezama mkononi. Mama mkwe akaniuliza kama naona nyumba yao inavyolisha. Nami kwa kupenda kwangu utani nikasema bangili hiyo sasa inataka fundi mwenye tupa. Tukacheka wote watatu. Kisha Minza akasema kwa sauti ndogo kwamba kichwa kinamuuma tangu juzi, na anaona vimulimuli. Mkwewe akasema ni jua la shambani. Foleni ilikuwa ndefu. Nikampa aspirini, nikamwambia arudi wiki ijayo. Sitasingizia uhaba. Mashine ya presha ilikuwepo, spiriti ilikuwepo, na kidole gumba sikukiacha Shinyanga.

Siku ya tatu wanaume wanne walimleta juu ya kitanda, anakakamaa, ameuma ulimi. Tukapata lori la pamba. Alifia njiani, na mtoto tumboni.

Mganga Mkuu wa Wilaya aliniita.

"Ulimbonyeza mguu?"

"Sikumbonyeza, daktari."

Akafunga faili, akaniambia nirudi nikawabonyeze waliobaki. Kwake nilisema kweli, kwa kuwa alikuwa anajua.

Baada ya matanga akaja mama mkwe, kanga imefungwa kiunoni, kuku mkononi.

"Nesi, siku ile tulipocheka, alikuwa ameshaanza kuumwa?"

"Hapana, mama. Ilimjia ghafla."

Akanishukuru, akaniachia kuku. Niliogopa kusema kweli, ndiyo sababu nilimpokea kuku huyo.

Nilistaafu mwishoni mwa miaka ya themanini. Hadi leo nikikutana na mjamzito harusini simwambii amependeza, namwomba mguu. Wajukuu wanaona haya, na waone. Nyinyi wakunga vijana mna vipimo vizuri kuliko vyetu, lakini mgonjwa akisema, msimwache mwingine amjibie.

Yule mama nasikia alishafariki. Jibu lake ningali nalo. Ndiyo, mama, alikuwa anaumwa. Na alituambia.